Wakusanyaji wa Sarafu Ni Wangapi?

Kila siku akitoka shule, Chapuchapu alipitia dukani kwa shangazi yake kabla ya kwenda nyumbani. Jina hilo alibandikwa na baba yake, kwa sababu msichana huyo alikula chapuchapu, alioga chapuchapu, na siku moja alivaa sare chapuchapu hata akafika shuleni na sketi iliyogeuzwa ndani nje. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na mpaka siku ile hakuwa ameona ubaya wowote wa haraka.

Duka la shangazi lilikuwa jembamba, limebanwa kati ya kinyozi na fundi cherehani. Ndani mlikuwa na kaunta ya kioo, taa ya mezani yenye shingo ndefu, lenzi mbili za kukuzia vitu, na trei za mbao zilizojaa sarafu za zamani, kila moja ndani ya kijifuko chake cha plastiki. Kazi ya Chapuchapu ilikuwa kufagia, kupangusa kioo na kuandika upya lebo zilizofifia.

"Ukingoni, mwanangu! Shika ukingoni!" shangazi alikuwa akimkumbusha kila alipogusa sarafu. "Uso wa sarafu hauguswi. Vidole vina jasho na mafuta, vinaacha doa lisilotoka maisha."

Siku hiyo, Chapuchapu alimkuta shangazi ameegemea kaunta, mbele yake kuna rundo la karatasi zilizopigwa chapa. Kwa miaka minne alikuwa akiandika kitabu cha kuwasaidia wakusanyaji wa sarafu kuzitambua na kuzitunza. Sasa kilikuwa tayari kwenda kwa mpiga chapa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Hebu kaa hapa. Mpiga chapa ananiuliza nataka nakala ngapi, na mimi nimebaki mdomo wazi."

"Si useme elfu moja tu?"

"Elfu moja! Nitavigeuza godoro nivilalie? Nikichapisha vingi mno, akiba yangu yote imezama. Nikichapisha vichache, watu watakuja na kurudi mikono mitupu. Kwanza nijue wakusanyaji wa kweli mjini hapa ni wangapi."

"Wa kweli ndio wepi?"

"Kila nyumba ina kopo la sarafu kuukuu uvunguni, lakini hao si wakusanyaji. Mkusanyaji wa kweli ukimpa sarafu ataishika ukingoni bila kuambiwa, ataigeuza, ataitafutia mwanga. Huyo kitabu changu atakinunua hata kwa kuuza viatu. Yule mwingine hata ukimpa bure atafungia karanga."

Chapuchapu alicheka. "Sasa utawahesabu vipi wote? Utapiga mbiu?"

Shangazi alivua miwani. Kabla ya kufungua duka alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika ofisi ya uvuvi, na kazi yake ilikuwa kukadiria idadi ya samaki ziwani.

"Samaki huwezi kuwapanga mstari ukawahesabu," alisema. "Tulikuwa tunavua kadhaa, tunawatia alama kwenye pezi, tunawarudisha majini. Baada ya wiki tunavua tena. Tuseme safari ya pili tumepata samaki kumi, na watano kati yao wana alama. Hapo tunajua kwamba wale tuliowatia alama ni kama nusu ya samaki wote."

"Na wakusanyaji tutawatia alama wapi? Masikioni?"

"Acha utundu wewe! Alama yao ni jina. Nina orodha ya watu arobaini wanaonunua vijifuko hapa dukani, wote ninawajua. Hao ndio wenye alama. Kila Jumamosi wakusanyaji wanakutana katika ukumbi wa maktaba kubadilishana sarafu. Jumamosi hii mimi nitakuwa kwa mpiga chapa tukisahihisha kurasa. Wewe utakaa mlangoni kuanzia saa nane hadi saa kumi na mbili. Kila anayeingia, mpe sarafu hii aitazame. Akiishika ukingoni, andika jina lake. Akiipiga dole gumba usoni, mkaribishe ndani kwa heshima, lakini jina lake liache."

Jumamosi ilipofika, Chapuchapu aliketi mlangoni na daftari, kalamu na sarafu ya majaribio. Kazi ilianza vizuri. Alikuja mwalimu mstaafu aliyetoa lenzi mfukoni hata kabla hajasalimia. Alikuja dereva wa lori aliyeishika sarafu kwa ncha za vidole kana kwamba ni yai. Alikuja mama mmoja aliyeibana katikati ya kiganja, akaipuliza na kuisugua kwenye kanga yake ing'ae. Chapuchapu alimkaribisha kwa heshima, ila jina hakuliandika. Saa tisa ilipogonga alikuwa na majina kumi.

Mara rafiki yake akatokea anahema. "Wewe! Tunacheza fainali ya netiboli na mtaa wa pili, na mfungaji wetu ameteguka mguu. Bila wewe tumekwisha!"

"Niko kazini mpaka saa kumi na mbili."

"Kazi ya kukaa? Nusu saa tu!"

Chapuchapu aliangalia daftari, akaangalia njia, akaangalia tena daftari. Kufumba na kufumbua, kiti kilikuwa kitupu. Fainali iliongezwa muda, ikaongezwa tena, timu yake ikashinda kwa bao moja, na baada ya hapo ilibidi washangilie. Aliporudi ukumbini, mwenye funguo alikuwa akipiga deki. Wakusanyaji wote walishaondoka.

Chapuchapu alifungua daftari. Mkutano uliopita, shangazi alihesabu watu wapatao thelathini, na yeye alikuwa na kumi. Angesema nini? Akainua macho, na juu ukutani akaona ubao wenye vumbi, wenye majina ya watu waliochangia ujenzi wa ukumbi zamani za kale. Hakuna aliyekuwa na habari nao. Chapuchapu alitoa kalamu, akanakili majina ishirini chapuchapu, akafunga daftari. Thelathini kamili.

Jumatatu alimkuta shangazi akiimba. Lilikuwa jambo geni, maana shangazi huyo aliimba siku za kufurahi mno tu, na kwa sauti ya kufukuza wateja.

"Mwanangu, umeniletea neema!" alisema. "Tazama. Kati ya watu wako thelathini, ni wanne tu waliomo katika orodha yangu ya dukani. Maana yake wengi mno hawajawahi kukanyaga hapa! Arobaini mara thelathini, gawa kwa nne. Ni ngapi?"

"Mia tatu," Chapuchapu alijibu kwa sauti ndogo.

"Mia tatu! Mimi niliyedhani hawafiki hata mia na hamsini. Nitachapisha mia tatu. Akiba yangu inatosha mia moja tu na ushei, lakini penye nia pana njia." Akafungua droo, akatoa kikasha kidogo na kukiweka juu ya kaunta.

Chapuchapu alikijua kikasha hicho. Ndani mlikuwa na sarafu yenye tundu katikati, ambayo babu alimpa shangazi alipokuwa msichana mdogo. Ndiyo sarafu yake ya kwanza kabisa. Watu walikuwa wameibembeleza miaka nenda miaka rudi, na shangazi aliwajibu kwamba ataiuza siku jua litakapochomoza magharibi.

"Unaitoa ya nini, shangazi?"

"Naiuza. Daktari wa meno anakuja kuichukua sasa hivi. Atanipa fedha ya kulipia nakala zote zilizobaki." Alijaribu kutabasamu. "Sarafu ni sarafu tu, mwanangu. Kitabu kitawafaa watu mia tatu."

Mlango ukagongwa. Daktari wa meno aliingia, mtu mnene mchangamfu, mkusanyaji sugu, koti lake jeupe bado mwilini na bahasha mkononi. "Nimemwacha mgonjwa mdomo wazi kwenye kiti!" alitangaza. "Haya, iko wapi? Nisije nikaamka nikakuta ni ndoto."

Shangazi alisukuma kikasha upande wake. Alikisukuma polepole, na kidole chake kimoja kikabaki juu ya kifuniko.

Chapuchapu alikiona kidole kile, na roho ikamuuma. Alijua kwamba akinyamaza dakika moja tu, hakuna atakayejua, na vitabu visivyo na wanunuzi vitakaa kwenye maboksi mpaka viliwe na mchwa, na sarafu ya babu itakuwa imekwenda. Aliogopa sana. Akapiga moyo konde.

"Shangazi, usiuze! Si mia tatu!"

Watu wazima wote wawili walimgeukia.

"Niliondoka," alisema, machozi yakimlengalenga. "Nilikwenda kucheza netiboli. Nilipata watu kumi tu. Wale ishirini niliwatoa kwenye ubao wa ukutani."

Daktari wa meno alilivuta daftari, akapitisha kidole kwenye majina, na ghafla akaanza kutikisika mabega.

"Kumbe babu yangu mzaa mama alihudhuria!" alisema. "Na huyu hapa ni jirani yake. Wote walizikwa kabla sijaota meno! Wamekuja kubadilisha sarafu?" Akacheka mpaka akashika kaunta.

Shangazi hakucheka. "Nilikuamini, mwanangu," alisema. Maneno hayo mawili yalimchoma Chapuchapu kuliko kiboko.

"Nisamehe, shangazi. Niliona aibu. Kumi walikuwa wachache mno."

"Na hao kumi, wewe mwenyewe uliwaona?"

"Kwa macho yangu. Niliwapa sarafu mmoja mmoja. Wote waliishika ukingoni."

Shangazi alivaa miwani, akachukua kalamu na kufuta majina ishirini ya ukutani, moja baada ya jingine. Kisha akalinganisha yaliyobaki na orodha yake. "Wenye alama ni wale wale wanne. Haya, nifanyie hesabu. Wanne kati ya kumi."

Chapuchapu alifuta machozi kwa mkono wa sare. "Wale arobaini wa dukani ni kama sehemu nne katika kumi za wote. Kwa hiyo wote ni..." Akarudia kichwani, macho yakamtoka. "Mia moja?"

"Mia moja, na akiba yangu inatosha." Shangazi alikivuta kikasha, akakirudisha droani na kufunga kwa ufunguo. "Samahani sana, Dakta."

"Njia ya mwongo ni fupi, lakini leo mwenye hasara ni mimi peke yangu," daktari wa meno alilalamika huku akirudisha bahasha mfukoni. "Binti, ungekiri kesho! Haya, mgonjwa wangu ananisubiri, taya litamkauka." Akatoka akicheka.

Walipobaki wawili, shangazi alisema, "Watu kumi ni wachache, makadirio yanaweza kuyumba. Mpiga chapa nitamwomba asubiri. Jumamosi hii utarudi mlangoni."

Chapuchapu alirudi. Rafiki yake alipita na mpira, akapunga mkono, akaita, akabembeleza. Chapuchapu alitikisa kichwa. Kuanzia saa kumi hadi saa kumi na moja hakuja mtu hata mmoja, na saa hiyo ilikuwa ndefu kuliko somo lolote alilowahi kukaa darasani. Akahesabu madirisha, akahesabu vigae, lakini kiti hakukiacha. Kijana mmoja aliyebana sarafu kama anakamua ndimu alimsihi amwandike ili naye aonekane mkusanyaji. "Karibu ndani, kaka," Chapuchapu alimjibu kwa heshima, "lakini jina siandiki." Saa kumi na mbili ilipogonga alikuwa na majina ishirini na saba, yote ya watu wanaopumua.

Jioni hiyo hiyo walikaa pamoja chini ya taa ya kaunta. Kati ya wale ishirini na saba, kumi na mmoja walikuwa katika orodha ya dukani. Arobaini mara ishirini na saba, gawa kwa kumi na moja.

"Tisini na nane na kidogo!" Chapuchapu alipiga kelele. "Shangazi, imekaribia ile mia ya kwanza!"

"Umeona sasa? Makadirio si hesabu kamili. Mwezi ujao tungeweza kupata tisini, au mia na kumi. Lakini yakitoka kwenye ukweli hayakupeleki mbali na ukweli." Shangazi alifungua daftari kwenye ule ukurasa wa kwanza wenye majina kumi yaliyobaki na ishirini yaliyofutwa, akauweka mbele ya mpwa wake.

"Kucheza netiboli si dhambi, mwanangu. Ungeniaga ningekutafutia mtu wa kukaa mlangoni. Kosa ni kuona aibu kwa sababu ulichonacho ni kidogo, ukakijaza kwa uongo. Hawa kumi walikuwa na jibu lote nililolihitaji. Ishirini uliowaongeza ndio waliotaka kuninyang'anya sarafu ya baba yangu. Siku nyingine mtu akikuuliza umeona wangapi, mtajie wale uliowaona. Wakiwa wachache, hilo nalo ni jibu."