Sinia Lililogeuka Kofia ya Vita

Zama hizo, kabla bendera ya mgeni haijapepea pwani, mji wa Ungwamba ulikuwa na ukuta wa mawe, mizinga mibovu, na mfalme asiyejua kuogopa. Mwinyi Kombo alipigana akiwa mbele ya askari wake, kichwani amevaa kofia ya shaba iliyong'aa hata adui akaiona tokea ng'ambo ya mto. Asubuhi ninayoisimulia, jiwe la kombeo lilimwangusha. Watu wake walimburuta ndani akiwa hai lakini hana fahamu, na kofia ikabaki uwanjani.

Mwinyi Ngwali wa Kigongoni, aliyeuzingira mji, akaitundika kwenye mkuki mbele ya lango. Mpiga mbiu wake akatangaza, "Mfalme wenu amekufa, kofia yake hii hapa. Fungueni lango kabla ya alasiri, mtasalimika."

Ukutani askari wakaanza kutazamana. Wengine walikwisha kuweka ngao chini.

Mwana Mize, mtoto pekee wa mfalme aliyebaki, hakupoteza muda kulia. Alitwaa sinia kubwa la shaba, lile la kupakulia pilau za harusi, akampelekea Faki Hamadi, mfua shaba wa mji.

"Fundi, nataka kofia kama ya baba. Nitaivaa mimi."

"Mwana, sinia ni bapa. Kichwa ni mviringo."

"Ndiyo maana nimekuja kwako, sikwenda kwa mpishi."

Desturi ya Ungwamba ilikuwa ngumu. Shaba ya kichwani haikuvaliwa ila na damu ya mfalme, na fundi hakuruhusiwa kugusa kichwa cha binti wa mfalme, hata kwa uzi wa kupimia. Basi Mwana Mize akajaribu kofia ya kitambaa ya marehemu kaka yake, ikamkaa vizuri, akaleta na faruma lake, kile kigogo cha kukaushia kofia zikishafuliwa.

Jamani, kazi ikaanza! Faki alikata mduara, akautia moto mpaka ukawa mwekundu, akauchovya majini ulainike. Akaupiga kwa nyundo ya mti, kwanza katikati, kisha akizunguka kuelekea ukingoni. Shaba ilipofanya mikunjo, aliufinya kila mmoja taratibu ujimeze wenyewe, maana mikunjo ikilaliana, shaba hupasuka. Ilipokakamaa, akairudisha motoni. Nje ngoma za Kigongoni zilikuwa zikisogea.

"Usiniharakishe, Mwana."

"Sijasema neno."

"Miguu yako inasema."

Hatimaye bapa likawa kuba, likalikumbatia faruma bila kuacha mwanya. Faki hakuwahi kufanya kazi nzuri kama ile, na alijua. Mwana Mize akaingia nyuma ya pazia kuivaa.

Haikuingia. Kofia ya kitambaa hutanuka juu ya misuko, lakini shaba haina huruma hiyo.

"Nimesahau nywele," Faki akasema, ameketi chini kwa uchungu. "Nimeuua mji." Muda wa kuanza upya haukuwapo.

 Nyuma ya pazia sauti ikauliza, "Fundi, una wembe?"

"Mwana, nywele zako..."

"Nywele zitaota. Mji ukitekwa hauoti tena."

Alipopanda ukutani, joho la baba yake mabegani na upanga mkononi, jua lilipiga ile shaba na mji mzima ukanguruma. Kule chini watu wa Kigongoni waliitazama kofia ya ukutani, wakaitazama ya mkukini, wakamgeukia Mwinyi Ngwali. Kama hili ni uongo, mangapi mengine? Lango likafunguka kweli, lakini waliotoka walikuwa na mikuki. Kigongoni wakakimbilia mtoni, na ile kofia ya zamani wakaikanyaga wenyewe mpaka ikalala bapa.

Mwinyi Kombo alizinduka akakuta anasifiwa kwa vita ambavyo hakuviona. Nyimbo zilizotungwa ndizo zilizobaki, na ndani yake Mize hatajwi. Hilo linaniudhi mpaka leo. Lakini siku ya sherehe mfalme aliletewa kofia mbele ya wakuu wote. Akaisukuma, akaigeuza, ikagoma juu ya paji la uso. Akamtazama binti yake kwa muda mrefu.

"Vua ushungi, mwanangu."

Akauvua. Wakuu wakakiona kile kichwa kilichonyolewa, na mfalme akashuka kitini, akamvika kofia kwa mikono yake mwenyewe. Ikaingia. Wakuu wakasimama, mmoja baada ya mwingine, na mfalme akabaki amesimama pamoja nao.