Jerusa na Ruhusa ya Nyumba ya Kusomea

Kila asubuhi Jerusa alimpikia mumewe Joab uji, kisha akabeba kikapu kwenda kuchuma chai. Joab alikausha majani kiwandani. Walitoka upande wa ziwa, wakaja Kericho mwaka wa 1934. Katika kambi ya wafanyakazi wa shamba hapakuwa na mahali pa kujifunza kusoma, na jambo hilo lilimuuma Jerusa kuliko mgongo.

Kwao, mtu akitaka kujenga shule humwendea chifu na kuku mkononi. Chifu akikubali, wazee huonyesha kiwanja, basi. Kwa hiyo Jerusa alibeba jogoo wake mnono, akatembea nusu siku hadi kwa chifu wa Wakipsigis, wenyeji wa huko. Chifu alimpokea vizuri, akachukua jogoo, akampa maziwa.

"Shule ni kitu kizuri sana, mama," akasema chifu.

Jerusa hakuuliza zaidi, alirudi mbio. Kwa Jumapili tatu majirani walikata fito, wakakandika udongo, wakaezeka nyasi. Chumba kilipendeza kweli. Ijumaa iliyofuata akaja Nyamwange, nyapara wa kambi, uso umemkunjamana.

"Nani aliwapa ruhusa ya kujenga hii nyumba?"

"Chifu," akajibu Jerusa.

"Meneja wa shamba amesema Jumatatu inavunjwa."

Jerusa alilia waziwazi, bila haya. Jasho la watu wote ligeuke kuni! Jioni hiyo Joab alimwita jirani yao, Kepher Ogola, karani wa ofisi ya shamba. Kepher alisikiliza, akajizuia kucheka.

"Shemeji, chifu alisema shule ni nzuri. Alisema mjenge hapa?"

Jerusa akafikiri. "Hapana, hakusema."

"Unaona sasa. Kwetu, mambo ya kiwanja ni ya chifu na wazee. Hapa chifu anatawala kule ng'ambo ya mto, kwa ardhi ya Wakipsigis. Huko wana baraza lao, linaangalia shule zao na barabara zao. Lakini sisi tuko ndani ya shamba la chai. Kiwanja cha hapa anatoa meneja."

"Na nyapara je?"

"Nyapara ni wa kazi tu. Hawezi kutoa kiwanja. Analeta maneno ya ofisi."

"Na D.C.?"

"Yeye yuko juu ya wilaya yote. Lakini anza na mwenye kazi yake. Kuuliza si ujinga, shemeji."

"Kumbe jogoo wangu aliliwa bure!" akasema Jerusa, na wote wakacheka.

Jumamosi asubuhi Jerusa, Joab na Kepher walikwenda ofisini kwa meneja. Jerusa aliomba radhi kwanza, kisha akaeleza shida ya watu wa kambi. Meneja alikwenda kukitazama chumba. Alikubali kibaki kwa sharti moja, moto usiwashwe ndani. Kepher aliandika barua ya ruhusa kwa Kiswahili, meneja akatia sahihi, na Joab akaibandika mlangoni.

Jumatatu ikafika, hakuna aliyeshika shoka. Jumapili wanawake kumi na mmoja waliketi sakafuni, Joab, aliyejua kusoma kidogo, akawaanzishia a, e, i, o, u. Nyapara naye alikuja, akakaa nyuma.

Miezi ikapita. Siku moja Jerusa alifika mapema kufagia. Alisimama mlangoni, akaweka kidole juu ya barua. Kwa mara ya kwanza maishani alisoma bila kusaidiwa na mtu.

"Nyumba... hii... i-si-ma-me."

Moyo ulimjaa furaha. Akairudia tena, safari hii kwa sauti kubwa.