Mto wa Kupigia Magoti

Kanisa la kijiji cha Wexby, Uingereza, lilikuwa limefurika watu siku ya maonyesho ya maua. Vikombe vya chai viligongana chini ya mnara. Rosalind, mwalimu kutoka Norwich, akiwa na koti lake la mvua la manjano, hakuyajali maua. Alikuwa amesikia kwamba karne nyingi zilizopita fundi mmoja alichonga ubavuni mwa benchi mbweha anayewahubiria mabata bukini. Akavuta mto uliokuwa karibu, akapiga magoti amwone vizuri.

"Ondoka hapo!"

Mwanamume mrefu mwenye sweta ya kijani alikuwa amesimama nyuma yake. "Huo mto ni wa mke wangu."

"Samahani, bwana. Yuko wapi, nimwombe radhi?"

"Nje," alisema taratibu. "Makaburini."

Rosalind akatoka mbiombio. Mwanamume yule akamfuata hadi getini, uso umemwiva kwa aibu. "Mimi ni Desmond. Rudi, tafadhali. Mbweha hujamwona mkia."

Walipendana kiangazi chote, simu kila jioni. Lakini pale Wexby kila muumini alikuwa na mto wake, ulioshonwa kwa mkono. Kila Jumapili mto wa marehemu Ivy ulikaa kando ya ule wa Desmond, na Rosalind akapiga magoti kwenye sakafu tupu ya mawe. Naye hakuuliza kwa nini yeye hana mto. Mwishowe akaacha kwenda.

"Mpenzi, mbona huji?" Desmond alimuuliza kwenye simu.

"Muulize Ivy kama kuna nafasi."

Desmond akasema: "Njoo sikukuu ya mavuno. Mara moja tu."

Rosalind alikwenda, akapita katikati ya maboga na mikate. Kwenye benchi la mbweha kulikuwa na mito mitatu. Wa tatu ulikuwa mpya, umetariziwa mnyama mwenye masikio marefu, nyuzi zake zimekwenda upogo.

"Huyu ni punda?"

"Sungura, wewe!" Desmond alinong'ona, akimwonyesha vidole vilivyojaa matundu ya sindano. "Nimeshona tangu siku ile ya simu."

"Na wa Ivy?"

"Upo palepale. Siwezi kuutupa, Roz. Ila hapa hatumshonei mgeni mto, ila mtu wa nyumbani."

"Kwa hiyo unanichumbia kwa punda."

"Sungura."

Kasisi akasema, "Tuombe." Rosalind akaushika mto wa Ivy kidogo, kama anayebisha hodi, kisha akapiga magoti juu ya masikio yale marefu.

"Ndiyo," alisema, wala hakumwambia Desmond peke yake.