Ng'ombe wa Kalinga Hawajaambiwa

Ndama alikuwa analamba hewa. Damari alimwona dirishani akiwa anafagia ofisi, akajiambia ni macho tu, macho ya mtu aliyelia mwezi mzima.

Uwanja wa ndege wenyewe hauna cha kujivunia: njia ya changarawe na kibanda cha abiria, huko chini Usangu ambako ng'ombe ni wengi kuliko watu. Ndege ndogo hutua na chanjo za mifugo na matajiri wa ranchi. Kalinga, mume wa Damari, ndiye aliyekuwa akiwaondoa ng'ombe njiani kabla ndege haijatua, na wa kwake walimtii kwa mluzi tu. Basi nyoka akamuuma majanini. Wakamkimbiza Mbeya, akasinzia garini, kichwa mapajani pa mkewe, na hakuamka tena.

Tangu azikwe, kila ndege ikikaribia, mluzi wake ulisikika. Ng'ombe wake walikimbilia katikati ya njia, wakazunguka mahali patupu, wakatulia hapo. Isakwisa, mkuu wa uwanja, alimleta mchungaji wa kanisa, naye akakemea pepo mpaka sauti ikamkauka. Mchana ule ule rubani aliponea chupuchupu, ikabidi apae tena na abiria wake wanapiga mayowe.

Mama mkwe alipofika hakutaka maelezo mengi. Aliuliza kama ng'ombe waliambiwa. Kwao, mwenye mifugo akifa, mjane huingia zizini asubuhi ya maziko akawaambia. Damari akainamisha kichwa. Zizini alifika, jamani, ila neno liligoma kutoka, akarudi kimya na watu wakadhani amesema.

"Mama, nikisema si ndiyo namfukuza?"

"Ndiyo, mwanangu." Mama mkwe alikuwa ananong'ona. "Hata mimi namtaka. Lakini ataua watoto wa wenzetu."

Ndege iliyofuata ilisikika alasiri. Damari akatoka roho mkononi, na mluzi ukalia karibu mno, na harufu ya ugoro na jasho la Kalinga ikamjia puani, akaendelea kutembea, akajipenyeza katikati ya ng'ombe waliokuwa wamenyoosha ndimi zao wakilamba chumvi asiyoiona, kutoka kiganjani pa mtu asiyemwona, na ngurumo ya ndege ikazidi kushuka, na moyo wake wote ukimsihi anyamaze, abaki naye hivyo hivyo, hata kama ni mluzi tu.

"Kalinga amekufa," akawaambia.

Ng'ombe wakainua vichwa. Mmoja akalia, kisha wote, wakajikokota kutoka njiani, naye akawafuata hadi pembeni akilia kwa kwikwi. Ndege ikatua salama nyuma yake.

Ndipo akaisikia sauti sikioni, ya chini, ya mtu aliyeogopa.

"Mama Goodness, nimekufa lini?"

Nywele zilimsimama. Akageuka, hakuona mtu. Lakini alikuwa mumewe, angemficha vipi?

"Siku ile ya nyoka, baba Goodness. Tulikuwa garini. Ulilala."

Harufu ya ugoro ilikuwa imeanza kupotea.

"Mbona hukuniamsha?"

Mluzi haukusikika tena pale uwanjani. Mama mkwe alimshukuru Mungu, Isakwisa akarudi kwenye kazi zake. Damari anafagia ofisi kama kawaida, na mpaka leo hajapata la kumjibu.