Hodi Kwenye Injini

Fundi Sikio aliringa, mpaka ungedhani kila injini aliizaa yeye. Pikipiki ikiletwa inaumwa, hakimbilii spana. Anaiwasha, anachukua bisibisi ndefu, ncha kwenye chuma, mpini sikioni, anafumba macho. "Valvu hiyo," anasema. Na ni valvu kweli. Sifa zilimharibu. Alishazoea kila kitu kumjibu.

Asubuhi moja ya jua kali, mama mmoja mjane alifika karakana akisukuma pikipiki. Aliisukuma mikono imenyooka, uso pembeni, kama aliyebebeshwa nepi ya mtoto wa mwenzie.

"Inagonga, fundi. Ni ya marehemu mume wangu. Kila anayeinunua anairudisha."

"Inagonga wapi, dada?"

"Si wewe ndiye Sikio? Sikiliza." Akaondoka bila hata kuaga.

Sikio akaiwasha. Ngo, ngo, ngo. Kimya. Ngo, ngo, ngo. Kimya. Bisibisi kwenye silinda: safi. Kwenye valvu: safi. Akamwaga oili, akaichungulia kama ina unga wa chuma. Hamna. Akafungua kifuniko cha juu, akapima, akakaza, akafunga. Ngo, ngo, ngo. Injini mbovu ukiivutia mafuta hugonga haraka haraka. Hii aliivutia mpaka moshi ukajaa karakana, na kile kitu kikagonga vilevile, taratibu, mara tatu. Kisha kikasubiri.

Saa saba mchana mkewe akaleta chakula, akaketi juu ya tairi kuukuu akimcheka.

"Leo mke mwenzangu kakushinda?"

"Nyamaza, nasikiliza."

Akaizima. Akachomoa ufunguo. Kwa hasira akachomoa na plagi ya cheche, akaishika mkononi.

Ngo, ngo, ngo.

Kicheko cha mkewe kikakatika katikati. "We," akanong'ona, "mbona kama anabisha hodi? Mwitikie basi."

Mwenye akili zake angefunga mdomo. Lakini mlango ukigongwa, neno hutoka lenyewe kabla mtu hajawaza.

"Karibu," akasema Sikio, nusu mzaha.

Injini ikanyamaza. Mkewe akavuta pumzi kama aliyemwagiwa maji ya baridi mgongoni. Akasema anahisi mwili mzito, anakwenda kujilaza. Chakula hakukigusa.

Sikio akarudisha plagi, akawasha. Pikipiki ikanguruma laini kama cherehani mpya. Akafurahi, mjinga yule. Akala na fungu la mkewe.

Alasiri mjane alirudi. Alisikiliza injini, akarudi nyuma hatua mbili.

"Umeifanyaje?"

"Nimeitengeneza."

"Fundi. Uliiitikia?"

Mjane akasogea karibu, sauti chini.

"Tuligombana na marehemu. Akarudi na mvua, anaumwa, akagonga mlango mara tatu. Akasubiri. Akagonga tena. Nilikuwa nimenuna, sikumwitikia. Nilipofungua nilimkuta kizingitini, ngumi bado imekunjwa. Miezi minane anagonga humu, nami nimefunga mdomo. Nilijua anataka kuingia. Sikujua ataingia wapi." Akatazama lile tairi kuukuu, sahani mbili juu yake. "Ulikuwa na nani hapa?"

Hakungoja jibu. Akaipanda pikipiki, akaenda zake. Hakugeuka.

Sikio akatimua mbio kwenda nyumbani. Bisibisi mkononi, hajui kwa nini. Mkewe alikuwa kitandani, macho wazi, anatazama dari.

"Mke wangu."

Akaitupa bisibisi. Akalaza sikio kifuani pake. Moyo ulikuwa unadunda vizuri. Pumzi ilikuwepo.

Zilikuwa mbili.

Moja ya mkewe. Nyingine nzito, ya mtu aliyetoka kwenye mvua.

Injini angeifungua. Mke utamfungua kwa spana namba ngapi? Miaka yote ya kusikiliza, na sasa amesikia, basi. Hana la kukaza. Hana la kulegeza. Akatafuta neno la kumtoa mgeni, akapata moja tu.

"Kwaheri," akanong'ona kwenye kile kifua. "Kwaheri, ndugu yangu. Tafadhali. Kwaheri."

Midomo ya mkewe ikafunguka. Sauti ikatoka ya kiume, ya upole, ya mtu aliyefunzwa adabu kwao.

"Mbona wanifukuza? Ndio kwanza nimeingia."

Mkewe yu hai. Anafua, anafagia, anaulizwa habari anajibu nzuri. Kucheka ndiko hajacheka tena. Sikio amefunga karakana, na masikio ameyaziba pamba. Mlango wao ukigongwa huuma ulimi mpaka mgeni achoke.

Mwaka huu ni wa kiangazi. Tangu mwezi wa tatu halijadondoka hata tone. Lakini kila kukicha sakafuni mwao kuna alama za maji, za buti la mwanaume, kutoka kizingitini mpaka kitandani, upande wa mke. Sikio huzifuta kwa tambara, huku akizihesabu.

Zote zinaingia.