Mbegu ya Kuokota

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Waithera alivaa gambuti za mama yake, viatu virefu vya mpira, na kushuka na ndoo hadi kwenye mfereji wa kijiji kuchota maji ya bomba. Akitoka huko aliwasha moto, akabandika chai, akampa ng'ombe nyasi, kisha akapita shambani kuangalia viazi. Kijiji chao kiko chini kidogo ya Mau Narok, na baridi ya huko asubuhi huuma vidole. Baba yake alifanya kazi katika shamba la maua Naivasha na alikuja nyumbani mara moja kwa mwezi. Kwa hivyo shamba lilikuwa mikononi mwa Waithera, aliyekuwa Gredi ya Saba, na mama yake, Wangare.

Asubuhi moja aliona kitu karibu na ua wa chini. Viazi kadhaa vilikuwa vimelala. Majani yake yalikuwa bado ya kijani na udongo ulikuwa na maji ya kutosha, lakini mashina yalikuwa yameinama kama yamekaa juani siku nzima. Waithera alisimama hapo muda mrefu. Mistari hiyo aliijua vizuri kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu ni yeye aliyeipanda.

Siku ya kupanda, majirani walikuja kwa ngwatio. Ngwatio ni kazi ya zamu: leo majembe yote yako kwako, siku nyingine yako kwa jirani, na hakuna anayelipwa kitu ila chai na sahani ya githeri, mahindi yaliyochemshwa na maharagwe. Walianzia upande wa juu wa shamba, lakini mvua kubwa ikawafukuza kabla hawajamaliza. Kesho yake mama alimpa Waithera mbegu iliyobaki, akamwambia amalizie mistari ya chini. Waithera alikuwa na haraka ya kwenda kucheza. Alipanda mbegu zikikaribiana mno, na zikaisha kabla ya mistari kuisha.

Aliogopa kugombezwa. Ng'ambo ya barabara, Mzee Kosgei alikuwa amevuna shamba lake mapema, na kama ilivyo kawaida pale kijijini, viazi vilivyobaki udongoni baada ya mwenyewe kuvuna huwa vya watoto. Watoto huviokota, wakavichoma na kuvila palepale. Waithera aliokota karai moja, lakini hakuchoma hata kimoja. Alivipanda katika mistari ile iliyobaki, akafukia, akaenda kucheza.

Siku hiyo aliyoona viazi vimelala, walikuwa na somo la kilimo. Mwalimu wao, Mwalimu Jepkorir, alikuwa amechora ukutani malengo ambayo nchi za dunia zilikubaliana kuyatimiza: kumaliza umaskini, kumaliza njaa, maji safi, na mengine mengi. Kila mwanafunzi alitakiwa kuchagua lengo moja na kuonyesha jinsi linavyoguswa na kazi ya kwao nyumbani. Waithera alikuwa amechagua lengo la kumaliza njaa. Jerry, kijana aliyekaa nyuma yake, alicheka siku aliyolichagua na kumuuliza kama kashamba kao katalisha dunia nzima au kataanzia Nakuru kwanza.

Waithera aliinua mkono, akauliza kiazi hulalaje kama udongo una maji. Mwalimu aliacha alichokuwa akiandika. Alisema huo huenda ni mnyauko, ugonjwa unaokaa ndani ya shina na kuzuia maji kupanda. Hauna dawa ya kunyunyiza. Huingia shambani kwa njia nyingi, alisema, lakini mbili ndizo kubwa: mbegu iliyotoka katika shamba lenye ugonjwa, na matope yanayoganda kwenye majembe na viatu vya watu wanaotoka shamba moja kwenda jingine.

Aliposikia neno mbegu, Waithera aliinamisha kichwa. Alikumbuka kwamba Mzee Kosgei alivuna mapema kwa sababu viazi vyake vilikuwa vikilala.

Jioni mama yake naye alikuwa ameviona. Alimuuliza Waithera kama shuleni wanafundishwa habari ya ugonjwa kama huo. Waithera alisema ndiyo. Alieleza mnyauko ni nini, akaeleza matope ya majembe na viatu. Habari ya mbegu hakuitaja.

Siku ya kupalilia na kuinulia viazi udongo, kikundi cha ngwatio kilifika mapema. Mbele yao alikuwa Mama Jerry, mama yake yule kijana wa darasani. Alikuwa mwanamke mrefu, na ndiye aliyepanga zamu za kila mtu. Walikuta geti limefungwa na Wangare amesimama ndani.

"Leo hamuingii," Wangare alisema. "Mliniletea ugonjwa siku ya kupanda. Mlikuja na matope ya majembe yenu."

"Ugonjwa gani?"

"Mnyauko. Mtoto amefundishwa shuleni."

Mama Jerry aliliangalia jembe lake, kisha akamwangalia Waithera. "Kumbe sisi ni wachafu."

"Sijasema wachafu. Nimesema matope."

"Umesema mbele ya watu wote hawa. Hili jembe limelima kwako miaka yote, halikuwa na matope. Leo mtoto ameenda shule, jembe limepata matope." Mtu mmoja nyuma yake alicheka, na hakikuwa kicheko kizuri. "Sawa, Wangare. Mwite huyo mwalimu mlime naye."

Waligeuka wote wakaondoka. Sufuria ya githeri aliyoipika Wangare kabla ya kuamua kufunga geti ilibaki mekoni, na Waithera na mama yake waliila peke yao hadi wakaichoka.

Tangu hapo kijiji kiliwabadilikia. Wangare alipofika kwenye mfereji, wanawake walinyamaza na kumpa nafasi kubwa kuliko aliyohitaji. Akiweka ndoo yake kwenye foleni na kugeuka, aliikuta imesukumwa nyuma. Kanisani, benchi lao lilibaki na pengo katikati. Hakuna aliyewatukana waziwazi. Walisalimiwa kwa kichwa tu, na wakati mwingine hata kichwa hakikusogea.

Shuleni mambo yalikuwa wazi zaidi. Jerry alimpa jina: Dokta wa Waru, yaani daktari wa viazi. Waithera akiingia darasani, Jerry aliinua miguu juu ya dawati na kuwaambia wenzake wachunge viatu vyao, daktari amekuja kukagua matope. Wavulana wakawa wanajipangusa viatu kila akipita. Abby, aliyekaa naye dawati moja tangu mwaka uliotangulia, alikusanya vitabu vyake akahamia mbele.

"Mama amesema nisikae na wewe," Abby alimwambia bila kumtazama. "Mnatuita wachafu, halafu tukae pamoja tukifanya nini?"

Mvua nayo haikungoja watu wapatane. Magugu yalikua haraka kuliko viazi. Wangare alipalilia peke yake, na jioni alirudi ameshika kiuno, akikaa kwenye kiti bila hata kuvua gambuti. Kama viazi havingeinuliwa udongo upesi, vingefunuliwa na mvua na kugeuka kijani, na kiazi cha kijani hakiliwi wala hakiuzwi. Chakula chao cha miezi mingi kilikuwa pale chini ya magugu.

Mara mbili Waithera alijaribu kusema. Mara ya kwanza mama alikuwa akijikanda mgongo kwa maji ya moto. "Wale watu wametumaliza," alisema kabla Waithera hajafungua mdomo. Mara ya pili mama alikuwa analia, akajifanya ni moshi.

Siku moja Mama Jerry alikuja shuleni. Hakupiga hodi mlango wa walimu. Sauti yake ilisikika hadi darasani, na darasa zima likanyamaza ili lisikie vizuri. Alimwambia Mwalimu Jepkorir kwamba watoto huletwa shuleni kusoma, si kujifunza kuwatukana watu wazima. Akauliza kama kwenye hayo malengo ya dunia yaliyochorwa ukutani kuna lengo la kugombanisha majirani. Mwalimu alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema hawezi kujibu habari za shamba ambalo hajaliona, na akamwomba waende pamoja baada ya masomo.

Walifika jioni, Mama Jerry akitembea upande mmoja wa barabara na Waithera upande mwingine, mwalimu akiwa katikati. Wangare aliwafungulia geti. Mwalimu alimsalimia, Mama Jerry hakumsalimia.

Mwalimu aliomba glasi ya maji safi. Alikata shina la kiazi kilicholala, akalishika wima ncha yake ikigusa maji, akawaambia watulie. Baada ya muda mfupi uzi mweupe ulianza kushuka kutoka kwenye shina, mwembamba, kama maziwa yanayovuja. Ukafuatwa na mwingine.

"Ni mnyauko," mwalimu alisema.

Wangare alimwangalia Mama Jerry kama mtu aliyeshinda kesi.

"Ulianzia wapi?" mwalimu aliuliza.

Wangare aliwapeleka hadi kwenye ua wa chini. Mimea yote yenye ugonjwa ilikuwa pale, na kule juu hapakuwa na hata mmoja. Mama Jerry hakufika nao. Alisimama katikati ya shamba, akapiga mguu chini.

"Sisi tuliishia hapa," alisema. "Tulianzia juu, mvua ikatufukuza tukiwa hapa. Wangare, ni uongo?"

Wangare alifikiri. "Si uongo."

"Huko chini alipanda nani?"

Wote walimgeukia Waithera. Hakukuwa na mahali pa kuangalia. Alisema mbegu ilimwishia. Alisema alienda kuokota masalio katika shamba la Mzee Kosgei, akayapanda katika mistari hiyo, na hakumwambia mtu. Alisema yote kwa sauti ndogo hivi kwamba Mama Jerry ilibidi asogee ndipo asikie.

"Ulijua kwamba ndiyo yameleta ugonjwa?" mama yake aliuliza.

"Nilijua siku ile mwalimu alipotufundisha."

"Na ukaniacha nifunge geti."

"Ndiyo, Mama."

Wangare hakumpiga wala hakumgombeza. Alimgeukia Mama Jerry akasema, "Nimekukosea."

"Ulinikosea mbele ya watu," Mama Jerry alijibu. "Hapa watu wako wapi? Hapa kuna mimi, mwalimu na waru zako." Akaondoka bila kungoja jibu.

Mwalimu Jepkorir alibaki. Aliwaonyesha jinsi ya kung'oa mimea yenye ugonjwa pamoja na udongo wake na kuifukia katika shimo refu, mbali na shamba na mbali na mkondo wa maji. Alisema kona ile isipandwe viazi kwa misimu kadhaa. Wapande mahindi au kabichi, na mbegu ya viazi wainunue kwa muuzaji anayejulikana. Alisema pia kwamba habari ya matope si uongo. Majembe yaoshwe kwa maji yenye jiki, ile dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, ya kila mtu, hata ya wenye shamba.

Waithera alikuwa ndani ya shimo akichimba. Mwalimu alichutama ukingoni.

"Ulichagua lengo la kumaliza njaa," alisema. "Watu hudhani lengo kama hilo hutimizwa kwenye mikutano mikubwa. Linatimizwa hapa. Waru za huku zinaliwa Nakuru, zinaliwa Nairobi. Lakini mtu mmoja hawezi kulima mlima huu peke yake, na watu hawawezi kulima pamoja kama hawaaminiani. Uliharibu kona ya shamba, Waithera. Hiyo tutaitibu. Kile kingine itabidi ukitibu mwenyewe."

Kesho yake asubuhi Waithera alienda kwenye mfereji na mama yake. Wanawake wa ngwatio walikuwepo, wakanyamaza kama kawaida. Waithera aliweka ndoo chini. Aliwaeleza kila kitu, tangu mbegu kumwishia hadi nusu ya somo aliyoificha, akasema majembe yao hayakuleta ugonjwa. Kisha mama yake akasema mbele yao wote kwamba alimtuhumu Mama Jerry bure, na kwamba anaomba msamaha.

Mama Jerry alikuwa akijaza mtungi. Aliungoja ujae, akaufunga kifuniko.

"Jumamosi," alisema, akaubeba mtungi akaondoka.

Jumamosi walikuja wote. Getini palikuwa na beseni la maji ya jiki na brashi. Watu walisimama, wakaliangalia lile beseni, wakamwangalia Mama Jerry. Hapakuwa na kicheko wala salamu nyingi. Mama Jerry aliichukua brashi, akamnyooshea Waithera.

"Anza wewe," alisema. "Viatu na jembe. Tukuone."

Waithera aliinama akasugua gambuti mbele ya macho ya kila mtu, akasugua jembe lake hadi chuma kikang'aa. Alipomaliza, Mama Jerry alitumbukiza jembe lake, na wengine wakafuata mmoja mmoja.

Walifanya kazi hadi mchana, na kufikia wakati wa githeri mistari yote ilikuwa imeinuliwa udongo. Shuleni, Jerry aliendelea kumwita Dokta wa Waru hadi muhula ukaisha, ingawa Abby alirudi kwenye dawati lao na kusema tu kwamba mbele kuna baridi. Waithera hakulalamika. Kila watoto walipokwenda kuokota masalio, yeye ndiye aliyewaambia hayo ni ya kula, si ya kupanda.

Mama Jerry alipokuwa akiondoka Jumamosi ile, alimkuta Waithera getini akimwaga maji ya beseni. Akasimama.

"Bado nina hasira na wewe," alisema. "Nimekuja kwa sababu magugu hayatangoja hasira yangu iishe. Sasa nisikie vizuri. Ukifundishwa jambo shuleni, lilete nyumbani lote. Lete na kile kipande kinachokuuma wewe mwenyewe, hicho ndicho cha kwanza kusema. Sisi hapa tunalima kwa kutegemea maneno yako. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama Jerry."

Mama Jerry aliweka jembe begani. "Jumanne ni zamu yangu," alisema. "Njoo mapema, na uje na hilo beseni."