Uji Mweusi Wasingiziwa

Kila asubuhi Sutarmi huuza uji wa mchele mweusi kwa tui la nazi. Binti yake, Wening, mwenye miaka kumi na miwili, hanywi chai kabla ya uji huo. Basi choo chake kilipokuwa cheusi, hakuna aliyeshtuka.

Alipolalamika tumbo, mama alimkwangua mgongo kwa sarafu, dawa ya kienyeji ya kumtoa mtu upepo uliomwingia mwilini. Mgongo ukawa na michirizi myekundu, lakini uso ulizidi kupauka. Wening, ambaye kila jioni alimshinda baba yake mpira wa vinyoya, sasa alihema akitembea uani.

Jirani yao Lastri, muuguzi, alikuja kununua uji.

"Mama Wening, mbona mtoto amepauka hivi?"

"Upepo tu, dada."

"Na choo?"

"Cheusi. Si anakunywa uji wangu?"

"Hata mimi naunywa. Je, chake kinanata na kunuka, kama lami?"

Sutarmi akaweka upawa chini, akaitikia kwa kichwa.

"Hiyo ni damu. Anavuja ndani. Twende sasa hivi, uji utajiuza wenyewe."

Katika hospitali kubwa ya jijini Yogyakarta, Wening aliongezewa damu. Kamera iliyopitishwa kooni kwa mpira mwembamba ilionyesha uvimbe tumboni.

"Kamera inaona juujuu tu," Daktari Hapsari alieleza. "Uvimbe huu umejificha ndani ya ukuta wa mfuko wa chakula. Tuna mpira mwingine, ncha yake ina altrasaundi, inayoona hadi ndani ya nyama. Utatuonyesha uvimbe umeota katika tabaka gani la ukuta. Kisha sindano nyembamba itachukua kipande cha kupima."

"Ameze mpira tena?" baba yake, Paryono, aliuliza. "Mimi hata kidonge kinanikwama."

"Kwani unapimwa wewe, Baba?" Wening alisema.

"Atalazwa usingizi kwa dawa," daktari alisema. "Hatasikia kitu."

Jibu likaja: uvimbe adimu sana kwa watoto, na haujasambaa. Wapasuaji walijua hasa pa kukata. Waliutoa wote. Sutarmi alilia kwa furaha mbele ya watu, wala hakujali.

Siku hizi Wening huenda kupimwa kila anapoitwa. Sutarmi naye, akipakua uji, huwauliza kina mama habari za choo cha watoto wao.

"Tunakula, jamani," wananung'unika. Lakini wanamjibu.

Juzi jioni Wening alimkimbiza baba yake uwanjani mpaka baba akakaa chini, anahema.

"Upepo umeniingia," Paryono alisema.

"Geuka basi," Wening akamwambia, "nikalete sarafu."